Mwenzangu wa Nyumba Namba Saba

Fridolin alikuwa na roho nzuri kwa watu wote, isipokuwa mtu aliyempita. Ukiwa nyuma yake atakushika mkono, atakugawia hata tonge la mwisho. Mpite hatua moja tu, basi, kijiba cha roho kinamkaba, mchana hali na salamu zenyewe anazitoa kwa shida. Alijijua hivyo tangu shule ya msingi, na kila alipokwenda kuungama aliitaja dhambi hiyo haraka haraka katikati ya nyingine ndogo ndogo, padre asije akaisikia vizuri.

Bahati yake, kijijini kwake Sanje hapakuwa na wengi wa kumpita. Alijua kusoma kwa sauti bila kukwama, alijua nyimbo zote, halafu ana kimo. Akisimama mbele kanisani, hata waliokaa karibu na mlango wanamwona kuanzia kifuani. Kwa hiyo mwaka 1994, katekista wa zamani alipochoka miguu, baraza la kigango, yaani la kanisa letu dogo la kijijini, likakaa, mwenyekiti akiwa Mzee Marselino, likaamua: Fridolin aende Ifakara, kwenye chuo cha makatekista, miaka miwili, asome teolojia na maadili, kisha arudi awe mwalimu wetu. Na kwa utaratibu wa chuo kile mwanamume hakupokelewa peke yake. Alikuja na mke na watoto, kwa sababu huko vijijini mke wa katekista naye huulizwa maswali, tena mazito, akiwa kisimani na ndoo yake.

Mke wake aliitwa Agnella. Mfupi, mwembamba, mzito wa kuanza kusema. Alikuwa na jambo moja alilolitaka, na alilitamka siku ile wanafunga mizigo, mtoto wao mdogo akiwa mgongoni.

“Tukirudi, mimi nitafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza. Wewe chukua wakubwa.”

Fridolin akacheka. “Jifunze kwanza kushona, mama. Hayo mengine yatakuja.”

Chuo kilikuwa Lumemo, pale pale Ifakara. Nyumba ndogo za matofali, mistari miwili, kila mlango umeandikwa namba kwa rangi nyeupe. Wao wakapewa namba saba. Namba nane walikaa Nkwabi na mkewe Kija, Wasukuma waliohamia bondeni na ng'ombe wao, watu wa maneno mengi na vicheko vya kusikika hadi barabarani. Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda kama Fridolin alivyopenda yaende. Asubuhi wanaume walikuwa darasani kwa Padre Hilary, wanawake kwa sista wa ushonaji, na jioni wote kwenye mpunga wa chuo. Mtihani wa mwisho wa mwaka Fridolin akawa wa kwanza. Nkwabi alikuwa wa pili, mbali kabisa, wala hakujali. Fridolin alimpenda sana Nkwabi mwaka ule.

Mwaka wa pili Padre Hilary akaja na lake. “Makosa ya nyumbani yanafanywa na watu wawili,” alisema. “Kwa nini dawa anywe mmoja? Kuanzia leo, somo la maadili akina mama nao wanaingia.”

Siku ya kwanza tu akawapa swali la bonde lenyewe. Ng'ombe ameingia kwenye mpunga wako, amekula nusu eka. Umemkamata. Je, una haki ya kumpiga? Darasa likachafuka. Wakulima wanasema apigwe, Nkwabi anasema asiguswe, na utani ukaingia humo humo hadi Padre akagonga meza. Fridolin akanyoosha mkono, akasimama. Alikuwa amesoma ukurasa ule jana yake. Akaeleza kwamba ng'ombe ni kiumbe kisicho na utashi, na pasipo utashi hakuna dhambi, na pasipo dhambi hakuna adhabu. Alisema vizuri, kwa sauti ya kanisani.

“Sawasawa,” alisema Padre. “Nani ana la kuongeza?”

Nyuma kule, benchi la akina mama, Agnella akasimama. Fridolin alidhani anamtoa mtoto nje.

“Padre, mimi najiuliza kwa nini ninampiga,” alisema. “Huyo ng'ombe ana mchungaji, na mchungaji namjua, ana fimbo na ana ndugu. Namwogopa. Sasa ninampiga ng'ombe ili nisimseme mwenyewe. Hasira yangu ni ya haki kabisa, ila nimeipeleka nyumba ambayo siyo.”

Padre Hilary akaweka chaki chini. “Rudia, mama. Polepole. Nyote andikeni.”

Na Fridolin naye akaandika, afanyeje? Aliandika maneno ya mke wake kwenye daftari lake, na kalamu ilikuwa nzito mkononi kama jembe jipya.

Njiani kurudi namba saba akamuuliza, “Nani alikwambia maneno yale?”

“Yapi?”

“Ya hasira na nyumba ambayo siyo.”

“Hakuna aliyeniambia. Nimefikiri.”

Nimefikiri! Lilimchoma neno hilo. Agnella angesema amesoma mahali, amesikia kwa fulani, sawa, hata Fridolin anasoma na anasikia. Lakini kufikiri? Tena huku anapepeta mchele? Alikula kidogo siku hiyo, akasema tumbo.

Tangu hapo mambo yakaharibika, na tuseme ukweli, yaliharibiwa. Kila Agnella alipofungua daftari alasiri, Fridolin aliona kiu ya chai. Chai ikija, anataka maji ya kuoga, na yawe ya moto. Maji yakiwa tayari, mtoto analia, mama mtoto yuko wapi? Darasani Padre akimsifu Agnella, Fridolin alicheka na wenzake kama mume anayefurahi, meno yote nje, na ndani roho inamuuma mpaka anatamani kengele ilie. Siku moja akachukua kalamu ya mke wake akaiweka juu ya ukuta, pale ukuta unapokutana na bati. Ilikaa huko siku tatu. Agnella aliitafuta chini ya kitanda, kwenye unga, kwenye nepi za mtoto. Siku ya nne akaletewa stuli na Kija, akapanda, akaiona. Aliifuta vumbi, akaandika.

Kilichomuumiza Fridolin zaidi ni aibu ya wivu wenyewe. Angekuwa anamwonea wivu mwanamume mwenzake, sawa, kuna heshima fulani humo. Lakini mke wako? Mama wa mtoto wako, unayekula naye sahani moja? Hilo utaliungama kwa padre gani? Akaona bora asiliungame kabisa.

Miezi miwili kabla ya mwisho Padre Hilary akahamishiwa parokia ya mbali. Akaja Padre Beatus, mtu wa haki na mtu wa haraka, ambaye hakumjua hata mmoja wao kwa sura. Ndiye aliyetunga mtihani wa mwisho wa maadili. “Msiandike majina,” alisema. “Andikeni namba ya nyumba. Sitaki kumpendelea mtu.” Alikuwa ameambiwa kwamba kila nyumba ni familia moja. Kwamba sasa kila nyumba ina watu wawili wenye kalamu, hilo halikumwingia, na hakuna aliyemkumbusha.

Swali kubwa lilikuwa moja. Maandiko yanasema Mungu ana wivu, na Kanisa linafundisha kwamba wivu ni dhambi. Eleza, na utoe mfano kutoka maishani mwako.

Fridolin alijaza kurasa nne. Alianza na uumbaji, akapita kwa manabii, akazunguka na Mababa wa Kanisa, na mfano wa maishani akauweka wa jirani mmoja wa Sanje aliyeonea wivu baiskeli. Akatoka nje akiwa mwepesi. Agnella alitoka wa mwisho.

Baada ya wiki moja Padre Beatus akawaita wote, wanaume mbele, wanawake nyuma. Alikuwa na karatasi mkononi.

“Nimesahihisha mitihani mingi katika maisha yangu,” alisema. “Huu mmoja umenikalisha kitini. Sikilizeni, nitasema ni wa nani baadaye.”

Akasoma:

“Wivu wa Mungu ni wa mtu anayemwambia mwenzake, usiondoke. Wivu wetu ni wa mtu anayemwambia mwenzake, usikue. Nitatoa mfano wa nyumbani. Mwenzangu ni mtu mwema na ananipenda. Lakini nikisifiwa darasani, mwenzangu hali chakula. Nikifungua daftari, mwenzangu huona kazi za kunipa. Kalamu yangu ilipotea siku tatu, nami nilijua aliyeificha, nikamwonea huruma kwa sababu naye alikuwa anaitafuta pamoja nami, akiinama chini ya kitanda. Hivyo nimeelewa tofauti. Wivu wa Mungu unataka niwe. Wivu wa mwenzangu unataka nisiwe.”

Kufikia kwenye kalamu Fridolin alikuwa ameshalowa jasho mgongo mzima. Kila neno lilimhusu yeye. Hata kuinama chini ya kitanda, na kweli aliinama, mjinga yule, ili aonekane anasaidia. Akangoja. Alijua sasa hivi litatajwa jina la Agnella, na darasa zima litageuka kumtazama yeye, na Nkwabi atacheka kicheko chake kile, na hadithi itafika Sanje kabla yake.

“Nyumba namba saba,” alisema Padre Beatus. “Bwana Fridolin, simama. Alama themanini na nane. Mpigieni makofi.”

Makofi yakalia.

Fridolin alisimama kwa sababu aliambiwa asimame. Kichwa kilikuwa hakijaelewa. Kisha kikaelewa. Mwenzangu! Mwenzangu ni nani? Mke humwita mume mwenzangu, mume humwita mke mwenzangu, na karatasi haina sura wala sauti. Padre amezikuta karatasi mbili za namba saba, moja ya themanini na nane na nyingine ya arobaini na tatu, akaona kwenye orodha kwamba Fridolin ndiye wa kwanza mwaka jana, akagawa mwenyewe. Machoni pa darasa zima kila kitu kilikaa mahali pake. Hata maneno ya Agnella darasani yalikaa mahali pake: kumbe ndiyo maana mama yule alikuwa akijipendekeza kujibu, alitaka kumpita mume wake!

Alifungua mdomo. Neno lilikuwepo, nakuapia, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini makofi ni matamu, na yeye alikuwa hajayapata mwaka mzima.

“Asante, Padre,” alisema.

Padre Beatus akatazama benchi la nyuma. “Na wewe, mama wa namba saba. Umesikia uchungu wa mwenzako?”

Agnella alisimama. Hakumtazama Padre. Alimtazama Fridolin, alivyosimama pale mbele na kimo chake chote, akamngoja. Fridolin akatazama ubao.

“Nimesikia, Padre,” alisema Agnella.

Nyumbani, mlango ulipofungwa, Fridolin ndiye aliyeanza kufoka. “Kwa nini hukusema ni yako?”

“Kwa nini wewe hukusema?”

“Nimekuuliza wewe kwanza.”

“Nikisema mimi,” alisema Agnella, “watasema, mmemwona? Anaionea wivu hata karatasi ya mume wake. Nitakuwa nimethibitisha. Wewe ukisema, yamekwisha. Nakungoja wewe, Fridolin.”

Karatasi ya Fridolin, ile ya arobaini na tatu, alikuwa amekabidhiwa Agnella, na Padre ameandika chini kwa wino mwekundu: jitahidi, mama. Fridolin aliichukua mezani, akaiweka kwenye moto wa kupikia. Alisema ni kwa ajili ya kuondoa aibu. Ya nani, hakusema.

Nkwabi alimkuta kesho yake akinoa jembe. “Bwana, ile kalamu,” alisema, “mkeo aliificha wapi?”

“Juu ya ukuta.”

“Alifikaje? Mfupi vile?”

“Alipanda stuli.”

“Stuli ni ya kwetu, na ilikuja kwenu kalamu imeshapotea siku tatu,” alisema Nkwabi. Mara hii hakucheka. Akaondoka, na tangu siku ile alimsalimia Fridolin kwa heshima, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko matusi.

Kabla ya kutumwa vijijini, Padre Beatus alitaka kila nyumba iwe na amani. Akawaita wawili wawili kwenye kikanisa cha chuo, mbele ya wenzao. Namba saba walipofika, akamwambia Agnella aombe msamaha kwa ajili ya wivu. Wanawake waliinamisha vichwa. Kija aliyekuwa pembeni yake alimfinya na kunong'ona, “Sema, mwanamke, sema!”

Agnella alipiga magoti. “Naomba msamaha,” alisema, “kwa wivu uliomo nyumbani mwetu.”

Hakudanganya hata neno moja. Watu wote wakamgeukia Fridolin, zamu yake imefika. Na Fridolin, mwanafunzi wa kwanza wa maadili, mtu aliyefundishwa kwamba uongo hauhitaji sauti, akamwekea mke wake mkono kichwani.

“Nimekusamehe,” alisema.

Wakarudi Sanje mwezi wa kumi na mbili, 1996. Habari ilikuwa imeshapanda gari kabla yao. Mzee Marselino alimpokea kwa kumkumbatia. Kwa Agnella alitoa mkono tu, akaitikia shikamoo yake huku anatazama pembeni. Na ulipofika wakati wa kugawa madarasa, mwenyekiti wa akina mama wa kigango, Mama Philomena, alisema mbele ya baraza bila kuzunguka: “Watoto wa Komunyo hawawezi kufundishwa na mtu aliyemwonea wivu mume wake mpaka padre akaingilia kati. Atawafundisha nini, jamani?” Darasa akapewa binti mmoja, Apolonia, msichana mwema kabisa ambaye alizichanganya amri za Mungu na amri za Kanisa na hakujua.

Agnella alikwenda hivyo hivyo kila Jumamosi. Alikaa benchi la mwisho, ameshika kanga yake, anasikiliza. Apolonia akikosea, midomo yake ilicheza kidogo. Basi. Halafu anarudi nyumbani, anapika.

Ungedhani sasa Fridolin ametulia. Amebaki peke yake juu, hakuna wa kumpita. Thubutu! Jumapili ya kwanza alipohubiri, Mzee Marselino alimwomba ayarudie maneno yale ya mtihani yaliyompa sifa. Akayarudia: wivu wa Mungu unataka uwe, wivu wa binadamu unataka usiwe. Kanisa zima likaitikia, “Aaa!” Toka siku hiyo wakawa wanayadai. Na Fridolin akagundua jambo la kumtia wazimu. Mahubiri yote aliyoyatunga mwenyewe, kwa jasho, kwa madaftari ya miaka miwili, watu waliyasikiliza vizuri wakaenda zao. “Aaa” ilitoka pale tu aliposema maneno ya Agnella. Alikuwa mbele, amevaa vazi jeupe, mkewe nyuma kwenye benchi bila darasa, na bado mkewe ndiye anayesifiwa kwa mdomo wake. Aliyaonea wivu maneno aliyokuwa anayasema yeye. Mara mbili alijaribu kutunga mengine yanayofanana. Hayakutoka.

Na wakati huo huo, hili nalo liandikwe, alikuwa anamwonea huruma. Jumamosi moja mwezi wa tano alipita dirishani mwa darasa akamwona mtoto wao, aliyekuwa sasa anaongea, amekaa mapajani mwa mama yake. Apolonia aliuliza swali, watoto kimya. Mtoto akamgeukia mama yake. “Mama, si unajua? Sema.” Agnella akamwekea kidole mdomoni.

Fridolin akaondoka pale dirishani. Alitembea hadi shambani, akakaa kwenye tuta, mpunga umeiva pande zote, ndege wanakula na hakuna anayewafukuza. Akasema kwa sauti, peke yake: nitasema. Iwe iwavyo, nitasema. Mwezi mzima alijiandaa kama mtu anayejiandaa kwa safari ya hospitali.

Jumapili moja ya mwezi wa sita, mavuno yamekwisha, kanisa limejaa hadi nje. Fridolin alikunja karatasi ya mahubiri akaiweka kando.

“Wazee wangu, mama zangu,” alianza, na sauti yake ya kanisani ikamkimbia, ikabaki ile ya nyumbani. “Yale maneno mnayoyapenda siyo yangu. Aliyaandika Agnella. Karatasi ile ilikuwa yake. Mwenye wivu aliyeandikwa mle ni mimi. Kalamu niliificha mimi. Yeye alipiga magoti kwa kosa langu, na mimi nikamsamehe. Nimewadanganya. Ninaomba apewe darasa la watoto.”

Mtoto mmoja alikohoa. Fridolin alijisikia safi, safi kabisa, kama mtu aliyetoka kuoga mtoni. Nyuma kule alimwona Agnella ameinua uso.

Mzee Marselino akainuka kwenye kiti chake cha mbele. Alikuwa analia, mzee wa watu.

“Mmeona?” alisema, akigeukia watu. “Mmemwona mume? Mke amemkosea mbele ya mapadre, na yeye leo anasimama mbele yetu analibeba kosa lile kuwa lake, ili mkewe apate heshima. Huyu ndiye tuliyemsomesha! Nani kati yetu angeweza?”

“Hapana, mzee,” alisema Fridolin. “Ninasema kweli.”

“Ndiyo, mwanangu, tunajua unasema kweli,” alisema Mzee Marselino kwa upole, kama mtu anavyomkubalia mgonjwa, akaja akamkumbatia mbele ya altare. Mama Philomena akaachia kigelegele, wengine wakadakia, na mtu mmoja akasema kwa sauti, “Agnella, una bahati wewe!” Kelele zilijaa hadi kwenye bati. Fridolin alijaribu kutikisa kichwa, lakini kilikuwa begani kwa mzee, na hakikutikisika vizuri.

Darasa hakupewa. Mama Philomena alisema asubiri mwaka mmoja, ajifunze kwanza kwa mume wake.

Alasiri Fridolin alimkuta mkewe jikoni anachambua mchele kwenye ungo. Akakaa kwenye kigoda, magoti juu.

“Nimesema,” alisema. “Umenisikia mwenyewe. Nimesema yote, hawakuamini. Nifanye nini zaidi? Lakini na wewe, Agnella. Nilikuwa peke yangu pale mbele. Ungesimama ukasema neno moja tu, wangeamini. Kwa nini ulikaa kimya?”

Agnella aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe, akalitupa nje mlangoni.

“Nilisimama,” alisema. “Mzee alipoanza kulia nilishasimama, nina maneno mdomoni, nakuja kukusaidia. Halafu nikakuona begani kwake unatabasamu. Ndiyo nikakaa.”